Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujiandaa kustaafu: mafao, kikokotoo na maamuzi ya kazini

Maswali haya yamekusanywa kwenye semina za wastaafu watarajiwa, na zaidi kwenye benchi la nje ya ofisi ya utumishi, mahali ambapo mtu huuliza kile alichoona haya kukiuliza ukumbini. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi. Wengi huanza kuhangaikia kustaafu wakiwa na miaka 58, wakati sehemu kubwa ya pensheni yao iliamuliwa walipokuwa na miaka 35, siku waliyochukua likizo bila malipo au kuacha kazi bila kuuliza mtu.

Majibu yanahusu Tanzania Bara. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Mimi niko PSSSF au NSSF?

Tazama hati yako ya mshahara, kwenye makato. Kwa ujumla, mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko ulioanza 1 Agosti 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Wa sekta binafsi, wa mashirika yasiyo ya kiserikali na waliojiajiri wako NSSF.

Kama ulikuwa PPF huku ukifanya kazi kampuni binafsi, uanachama wako ulihamishiwa NSSF. Nenda ukahakikishe kwamba miezi yako ya zamani inaonekana huko. Fanya hivyo mwaka huu, hata kama una miaka 40 tu.

2. Nakatwa kiasi gani, na mwajiri anaongeza kiasi gani?

PSSSF ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi: wewe 5, mwajiri 15. Mwenye mshahara wa msingi wa Sh 800,000 anakatwa Sh 40,000, na mwajiri anaweka Sh 120,000 juu yake. NSSF nayo ni asilimia 20, ila inapigwa kwenye mshahara ghafi, yaani mshahara wa jumla kabla ya makato, na kwa kawaida ni 10 kwa 10. Mwajiri anaweza kubeba zaidi ya nusu, lakini hawezi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10.

3. Umri wa kustaafu ni upi?

Kwa hiari ni kuanzia miaka 55, kwa lazima ni 60. Maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma, pamoja na madaktari bingwa, wanastaafu kwa hiari wakiwa na 60 na kwa lazima wakiwa na 65.

4. Nichangie muda gani ndipo nipate pensheni ya kila mwezi?

Miezi 180, yaani miaka 15. Ishike namba hii, itarudi mara nyingi hapa chini.

Matangazo ya ajira serikalini husema mwombaji asizidi miaka 45. Piga hesabu: anayeingia kazini na miaka 45 akastaafu na 60 ana miezi 180 kamili, hakuna hata mmoja wa ziada. Mwezi mmoja ukikosekana kwenye kumbukumbu, au akichukua likizo bila malipo mara moja tu, tayari yuko chini ya mstari. Kama umeingia serikalini ukiwa na umri mkubwa, swali la 11, la 12 na la 14 yanakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

## Kikokotoo

5. Pesa yangu inapigwaje hesabu?

Kikokotoo ni kanuni ya kupiga hesabu ya mafao. Chukua wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa ile miaka mitatu mizuri zaidi ndani ya miaka 10 ya mwisho. Zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha gawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Inagawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kama unaliuzia mfuko: linazidishwa kwa 12.5 na unalipwa mara moja. Huo ndio mkupuo, ambao wengi bado wanauita kiinua mgongo. Fungu la pili unalipwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako.

Tuchukue mwalimu mwenye wastani wa Sh 1,000,000 kwa mwezi, yaani Sh 12,000,000 kwa mwaka, aliyechangia miezi 360. Pensheni yake kamili ni 12,000,000 × 360 ÷ 580, sawa na Sh 7,448,276 kwa mwaka. Kama yuko kundi la asilimia 40 (swali la 6), mkupuo wake ni Sh 37,241,379. Inayobaki, ikigawanywa kwa miezi 12, ni Sh 372,414.

Nawaomba watu wairudie namba hiyo ya mwisho kwa sauti. Ukumbini kila mtu huandika ile milioni 37 kwenye daftari. Lakini mwalimu huyu ataishi kwa laki tatu na sabini na mbili kila mwezi, na hiyo ndiyo namba ya kupangia maisha.

6. Mbona watu wanalalamika kuhusu kikokotoo?

Kwa sababu hesabu ilibadilika watu wakiwa njiani. Zamani wanachama wa PSPF na LAPF walipata mkupuo wa asilimia 50, pensheni ikigawanywa kwa 540 na mkupuo ukizidishwa kwa 15.5. Wa PPF na NSSF walikuwa wanapata asilimia 25. Mwaka 2018 kanuni mpya zikataka wote washuke hadi 25. Kelele zikawa nyingi, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akaagiza hesabu za zamani ziendelee hadi 2023. Tarehe 1 Julai 2022 kikaanza kikokotoo cha pamoja cha asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 serikali ikakipandisha: waliokuwa kundi la 50 wakapelekwa 40, waliokuwa kundi la 25 wakapelekwa 35.

Mrudie mwalimu wetu. Tukitumia wastani uleule kwa hesabu ya zamani ya PSPF, angepata mkupuo wa Sh 62,000,000 na pensheni ya Sh 333,333 kwa mwezi. Mtu aliyeshika jembe lake akilenga milioni 62, akaambiwa dakika za mwisho kwamba ni thelathini na kitu, ana haki ya kuumia. Waliokuja kwenye benchi langu wakilia hawakuwa wajinga wa hesabu.

7. Je, mkupuo mkubwa ni bora kuliko pensheni kubwa?

Hapa nitasema ninavyoona, hata kama si wengi watakaofurahi. Mkupuo ukipanda, pensheni ya mwezi inashuka, maana ni chungu kimoja. Kwa mwalimu wa swali la 5, kutoka asilimia 33 kwenda 40 kumemwongezea Sh 6,517,241 mkononi na kumpunguzia Sh 43,448 kila mwezi, maisha yake yote.

Kuzidisha kwa 12.5 maana yake ni kwamba kwa kila Sh 100 unayochukua leo, unakosa pensheni ya Sh 8 kila mwaka. Ukiweza kuiweka hiyo mia mahali salama ikakuletea zaidi ya Sh 8 kila mwaka, umefaidi. Ikienda kwenye harusi, gari na kuwasaidia ndugu, umeuza pensheni kwa bei ya hasara. Upande mwingine, aliyestaafu na miaka 60 anafikisha miaka 12 na nusu ya pensheni akiwa na miaka 72 na nusu, na kuanzia hapo fungu ambalo hakuliuza limeshamlipa zaidi ya ambacho angelipata kama angeliuza. Kwenye ukoo wenye wazee wa miaka 85, pensheni ya kila mwezi ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana siku ya kupokea hundi.

8. Posho zangu zinaingia kwenye hesabu?

Kwa mtumishi wa umma, hapana. Ni mshahara wa msingi tu. Mtu anayeishi kwa posho za safari na vikao ataona pengo kubwa kuliko mwenzake.

9. Mishahara ikipanda, pensheni nayo inapanda?

Haipandi yenyewe kwa kufuata mishahara. Kuna vipindi mamlaka huiongeza, lakini usipange maisha kwa kutegemea hilo. Hii ndiyo sababu unahitaji chanzo kingine kinachokua (swali la 19 na la 20).

## Maamuzi ya kazini

10. Nistaafu nikiwa na 55 au nisubiri 60?

Mwalimu wetu angeondoka na miaka 55 angekuwa na miezi 300. Kwa wastani uleule angepata mkupuo wa Sh 31,034,483 na pensheni ya Sh 310,345. Kusubiri kunamletea zaidi ya Sh 62,000 kila mwezi na zaidi ya milioni 6 kwenye mkupuo, kabla hatujahesabu mishahara ya miaka mitano wala nyongeza zitakazopandisha wastani wake.

Nimeona sababu mbili nzuri za kuondoka na 55: afya, au shughuli ambayo tayari inaingiza pesa na inadai muda wako. Uchovu na ugomvi na mkuu wa idara ni sababu za kuomba uhamisho. Ukiamua kuondoka, toa taarifa ya maandishi miezi 6 kabla, na ubaki na nakala yenye mhuri wa masijala.

11. Nimepata kazi shirika binafsi, mshahara mara mbili. Nikiacha serikali miezi yangu inapotea?

Haipotei. Sheria za hifadhi ya jamii zinaruhusu vipindi vya uchangiaji vya mifuko tofauti kuunganishwa. Kinachowaponza watu ni kuondoka kimyakimya: mtu anaacha kazi bila barua, anahesabiwa mtoro, jalada linabaki wazi, na miaka 20 baadaye anatafuta saini ya mkurugenzi ambaye alishahama. Andika barua ya kuacha kazi, subiri ijibiwe, chukua taarifa ya michango yako ikiwa imegongwa mhuri, na umjulishe mfuko unakokwenda.

Kisha pima mambo mawili. Kwanza, kazi hiyo mpya ni ya mkataba wa muda gani? Mradi wa wafadhili ukifungwa baada ya miaka miwili, je, utakuwa bado chini ya miaka 45 ili uweze kurudi serikalini? Pili, NSSF inachangiwa kwenye mshahara ghafi, kwa hiyo mshahara mkubwa wa sekta binafsi unaweza kukujengea wastani mzuri kuliko unavyodhani. Vijana wenye miaka 30 huwa nawaambia wakajaribu. Mwenye miaka 52 na miezi 170 namwomba akae kwanza.

12. Nikichukua likizo bila malipo kumfuata mwenza wangu, au kwenda kusoma, inaathiri?

Likizo bila malipo haina mshahara, na bila mshahara hakuna mchango. Miaka mitatu ni miezi 36 iliyotoka kwenye hesabu. Kwa mwalimu wetu, miezi 36 ni Sh 37,241 kila mwezi na zaidi ya milioni 3.7 kwenye mkupuo. Wanaolipa gharama hii mara nyingi ni kina mama, kwa kuwa ndio wanaotarajiwa kuacha kazi mume anapohamishwa. Dada yangu, kabla ya kuandika barua ya likizo, andika ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Inachelewa, inachosha, lakini inalinda miezi yako.

Ruhusa ya masomo yenye malipo ni jambo jingine: mshahara unaendelea na mchango unaendelea. Hakikisha barua yako ya ruhusa inasema wazi ni ya malipo.

13. Nimebakiza miaka minne. Kupanda cheo sasa kuna maana?

Maana kubwa, kwa sababu ya ile miaka mitatu mizuri ya swali la 5. Fuatilia daraja lako lililochelewa wakati bado uko ofisini. Ukishastaafu unalifuatilia kwa nauli yako.

14. Mwajiri ananikata lakini hapeleki mfukoni. Nifanye nini?

Kwanza thibitisha. Wa PSSSF anaweza kuangalia michango yake kwenye simu kupitia PSSSF Kiganjani, na wa NSSF kupitia huduma zake za mtandaoni au ofisi ya karibu. Angalia kila baada ya miezi mitatu.

Ukiona pengo, tunza hati zote za mshahara za miezi hiyo, maana ndizo ushahidi kwamba ulikatwa. Mwandikie mwajiri, kisha peleka nakala mfukoni. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri, pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Usisubiri kampuni ifilisike. Kwenye kiwanda kimoja wafanyakazi walijua kwa miaka kwamba michango haiendi, wakaogopa kusema, na siku mlango ulipofungwa hapakuwa na wa kumdai.

## Karatasi

15. Nianze lini kukusanya nyaraka, na zipi?

Anza ukiwa na miaka 55, hata kama utastaafu na 60. Utahitaji barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo cha mwisho, barua za uhamisho, hati za mshahara za karibuni, kitambulisho cha NIDA, picha, namba ya akaunti ya benki iliyo hai, na barua ya kibali cha kustaafu.

Barua ya kuthibitishwa kazini ndiyo inayosumbua wengi. Mtu ameajiriwa 1991, akahama wilaya tatu, mojawapo ikagawanywa, jalada likabaki kusikojulikana. Kuipata nakala kunaweza kuchukua miezi, na miezi hiyo ni nafuu zaidi ukiwa bado unalipwa mshahara.

16. Majina yangu yanatofautiana, na tarehe ya kuzaliwa pia.

Majina yanarekebishika kwa hati ya kiapo na usajili wake, mradi uanze mapema na hati zote zifuate jina moja. Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu: inayotambulika ni ile uliyoandika ulipoajiriwa mara ya kwanza. Cheti kilichotafutwa ukiwa na miaka 59 ili kuongeza miaka mitatu hakitakusaidia, na kinaweza kukuletea kesi.

## Pesa kabla na baada

17. Nijenge nyumba kwa mkupuo?

Mkupuo utoshe kumalizia, usiwe wa kuchimba msingi. Nyumba inayoanza siku ya kustaafu hula milioni 37 ikafika kwenye linta, halafu inasimama. Jenga polepole ukiwa kazini, chumba kimoja na sebule kama ndicho kinachowezekana, mahali unapokusudia kuzeekea. Hapo napo kaeni muulizane nyinyi wawili. Nimeona mume aliyejenga kijijini kwao na mke aliyekataa katakata kwenda huko, kila mmoja na haki yake.

18. Nina mikopo. Nifanyeje?

Mkopo wa mwisho uishe angalau mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Kanuni ya kazini inataka ubaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato. Wanaokaa kwenye theluthi hiyo mpaka siku ya mwisho huwa wameshauza mkupuo wao kabla haujafika.

Mikopo ya kausha damu ni hatari ya pekee. Mtu anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mshahara unaingia anachukua yeye, na baadaye mkupuo unaingia kwenye akaunti ileile. Kama kadi yako iko kwa mtu leo, nenda benki ubadilishe kadi na namba ya siri, kisha mkae kukubaliana namna ya kulipa mbele ya shahidi. Usione aibu. Hukuwa wa kwanza.

19. Nikipata mkupuo nifanye biashara gani?

Nafikiri ndilo swali linaloulizwa zaidi, na lina kosa ndani yake. Biashara ambayo hujawahi kuifanya usiianze na mkupuo. Daladala, kuku wa kisasa, matikiti, mashine ya kusaga: zote zinalipa kwa anayezijua, na zote humfundisha mgeni kwa pesa yake. Mwenye miaka 25 akipoteza mtaji ana miaka 35 ya kuurudisha. Mwenye 60 hana.

Anza ukiwa na 50, kwa kiasi ambacho kikipotea utalala. Mwalimu mmoja wa Njombe alipanda miche 40 ya parachichi akiwa na miaka 51. Mingine ilikufa, akajifunza kwa nini. Alipofika 60 alikuwa anajua mnunuzi, bei na wadudu wake, na mkupuo ukaenda kuongeza shamba ambalo tayari lilikuwa linamlisha. Ninapenda pia kazi zinazotumia ujuzi ulionao: mhasibu anayetunza hesabu za saccos, muuguzi mwenye duka la dawa, fundi aliyefungua karakana.

Kwa vyovyote, mkupuo ukiingia usiuguse miezi 6. Weka kando matumizi ya miezi hiyo, lipa madeni, na waambie watoto wazi kiasi cha pensheni ya mwezi. Wengi hawajui, wanadhani baba ana milioni nyingi zisizoisha.

20. Hatifungani na UTT ni salama? Zinafanyaje kazi?

Hatifungani za serikali unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu. Kima cha chini ni Sh 1,000,000, muda ni kuanzia miaka 2 hadi 25, na riba hulipwa kila miezi 6. Ukiweka Sh 20,000,000 kwenye hatifungani yenye riba ya asilimia 12, kwa mfano, unapata Sh 2,400,000 kwa mwaka. Linganisha na zile Sh 8 za swali la 7. Ukihitaji pesa kabla ya muda unaweza kuiuza kwenye soko la hisa la Dar es Salaam, lakini bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo usiweke humo pesa ya ada ya mwakani.

UTT AMIS hukusanya pesa za wengi na kuziwekeza pamoja, wewe unamiliki vipande. Mfuko wa Ukwasi unafaa kwa akiba ya dharura kwa kuwa unatoa pesa ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wa Hatifungani ulioanza 2019 una mpango wa kulipa gawio kila mwezi kwa anayeanzia Sh 10,000,000, na kila miezi 6 kwa anayeanzia Sh 5,000,000, na wastaafu wengi wameupenda kwa hilo. Amana ya muda maalumu benki ni njia nyingine, ila riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Chochote kinachoahidi kuzaa pesa yako mara mbili kwa miezi mitatu, kimbia.

21. Kuna mtu amenipigia, anasema mafao yangu yamekwama, nitume pesa.

Ni tapeli. Mfuko hautozi pesa ili kulipa mafao. Anajua jina lako, shule uliyofundisha na tarehe uliyostaafu, na ndiyo maana unamwamini. Kata simu, nenda ofisini mwenyewe.

22. Na matibabu?

Mtumishi wa umma aliyekuwa akichangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake baada ya kustaafu. Kadi haibadiliki yenyewe: fuatilia kadi ya mstaafu wakati unafuatilia mafao. Watoto hawamo, na wa sekta binafsi hali ni tofauti, kwa hiyo ulizia bima kabla ya siku ya mwisho kazini.

## Hali za pekee

23. Mimi ni mama lishe, sina mwajiri. Naweza kuchangia?

Unaweza. NSSF inapokea waliojiajiri: mama lishe, bodaboda, mkulima, mvuvi, fundi. Unajisajili kwa kitambulisho cha NIDA na kulipa kwa simu, kwa siku, wiki au mwezi kulingana na kipato. Kanuni ya miezi 180 inakuhusu pia, kwa hiyo uendelevu ni muhimu kuliko kiasi. Shida ya waliojiajiri ni kiangazi cha biashara. Msimu mzuri ukija, lipia miezi ya mbele.

24. Nimepunguzwa kazi nina miaka 42. Nichukue michango yangu yote?

Fao la kujitoa la zamani halipo tena. Lipo fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6. Kama una njia yoyote ya kuendelea kuchangia kwa hiari, endelea (swali la 23). Miezi uliyonayo ni mali.

25. Nimefika 60 na miezi 168. Nimekosa kila kitu?

Hapana. Hutapata pensheni ya mwezi, lakini utalipwa mkupuo maalumu. Kabla ya kukubali, dai ukaguzi wa kumbukumbu. Mara nyingi miezi 12 iliyopotea iko kwenye mfuko wa zamani au kwa mwajiri wa kwanza. Jibu la swali la 11 kuhusu kuunganisha vipindi ndilo la kwenda nalo dirishani.

26. Nimefanya kazi Oman miaka minane, sijachangia popote.

Wengi waliokwenda Ghuba kwa kazi za nyumbani wako hivyo, na pesa yote ilitumwa nyumbani kusomesha na kujenga. Kama bado hujafika 45 una miaka 15 mbele yako kabla ya 60, unaweza kujisajili NSSF kwa hiari hata ukiwa huko. Ukiwa na zaidi ya hapo, elekeza nguvu kwenye njia za swali la 20, kwa jina lako mwenyewe. Kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la kaka kimewatoa machozi wengi waliorudi.

27. Nikifariki, familia inapata nini?

Wategemezi hulipwa mafao: mwenza na watoto, na kama hawapo, wazazi. Wataulizwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kama mlioana kimila na hamna cheti, shughulikieni sasa. Kama una watoto nje ya ndoa, waandikishe ukiwa hai. Ni mazungumzo magumu, najua, lakini nimewaona wajane wawili wakikutana kwa mara ya kwanza mbele ya meza yangu.

28. Mzee wangu hajawahi kuajiriwa. Kuna pensheni yake?

Zanzibar ipo: tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni jamii, iliyoanza na Sh 20,000 kwa mwezi. Bara haipo ya wazee wote. Kaya maskini husaidiwa kupitia TASAF, na wazee wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Anzia ofisi ya kijiji au mtaa.

29. Pensheni yangu imesimama ghafla. Kuna nini?

Mara nyingi ni uhakiki. Mfuko hutaka kujua kama mstaafu yuko hai, na asiyehakikiwa kwa wakati husimamishiwa malipo mpaka ajitokeze. Uhakiki wa PSSSF unaweza kufanyika kwa sura yako kwenye simu kupitia Kiganjani, na asiye na simu janja aende ofisi ya mfuko na kitambulisho. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, ndugu atoe taarifa ofisini ili utaratibu wake ufanywe. Ukishahakikiwa, uliza kuhusu miezi iliyoruka, na uandike jina la afisa aliyekuhudumia na tarehe nyuma ya kadi yako ya mstaafu.